Kumtazama Irrfan Khan Bila Msimulizi

Mara ya kwanza kumwona Irrfan Khan, mwigizaji wa filamu wa India, sikumwona sawasawa, na kosa halikuwa lake. Ilikuwa katika banda moja la video jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na filamu iliyokuwa ikioneshwa ni Paan Singh Tomar ya mwaka 2012, ikiwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili kama zilivyo picha nyingi za Kihindi zinazotufikia. Msimulizi yule alikuwa hodari wa maneno, nami sina ugomvi na kazi yake katika filamu za mapigano. Lakini kila Irrfan alipokaa kimya, yeye aliongea. Mhusika anatazama pembeni, anameza mate, anataka kusema jambo na kuliacha, na papo hapo msimulizi anatutangazia kwamba jamaa sasa kachafukwa na kinachofuata ni kichapo. Kichapo hakikufuata. Nilitoka pale nikiamini kwamba nimetazama picha ya majambazi yenye stelingi mwembamba mwenye macho ya usingizi, nikaisahau.

Miaka kadhaa baadaye niliirudia filamu ileile nyumbani, kwa Kihindi chake na maandishi ya tafsiri chini ya picha, ndipo nilipotambua kwamba yale mapengo aliyokuwa akiyaziba msimulizi ndiyo yaliyokuwa uigizaji wenyewe. Tangu siku hiyo nimemtafuta Irrfan kila alipo, katika filamu kubwa na ndogo, na ninaandika tathmini hii ili mtazamaji mwenzangu asipoteze miaka kama nilivyoipoteza mimi.

Kwa asiyemfahamu, Irrfan alizaliwa tarehe 7 Januari 1967 katika jimbo la Rajasthan nchini India, baba yake akiwa mfanyabiashara wa matairi. Ujanani alicheza kriketi kwa bidii, akachaguliwa kuingia katika mashindano ya vijana ambayo hakuweza kuyafikia kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha taifa cha maigizo mjini New Delhi, kisha akaishi kwa miaka mingi kwenye tamthilia za televisheni, akiwa mmoja wa wale waigizaji ambao sura unaijua lakini jina hulijui. Katika filamu alianza na sehemu ndogo sana. Katika Salaam Bombay! ya mwongozaji Mira Nair, ya mwaka 1988, anaonekana katika tukio moja tu, akiwa mwandishi wa barua wa mtaani anayewaandikia wasiojua kusoma. Naomba msomaji aiweke akilini barua hiyo, maana nitairudia.

Turudi kwa Paan Singh Tomar. Filamu inasimulia maisha ya mtu wa kweli, askari wa jeshi la India aliyekuwa bingwa wa taifa mara saba katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, kisha akageuka mwasi mwenye bunduki kwenye makorongo ya Chambal baada ya kudhulumiwa ardhi ya familia, na akauawa na polisi mwaka 1981. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuzielewa mbio hizo, kwa kuwa Filbert Bayi alituletea medali ya fedha kutokana na mbio hizohizo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ni mbio za ajabu: viunzi 28, madimbwi saba, na mkimbiaji anayefika mwisho viatu vikiwa vimejaa maji. Paan Singh anaingia katika mbio kwa sababu ya njaa, maana jeshini wanamichezo hawapimiwi chakula. Kuna tukio anapotumwa kupeleka aiskrimu nyumbani kwa afisa, naye anakimbia na kuifikisha kabla haijayeyuka. Mtazame Irrfan anavyokimbia hapo, kwa furaha ya kijana wa kijijini aliyetumwa dukani na kuahidiwa chenji. Kisha mtazame anavyokimbia katika nusu ya pili, akiwa mtu mzima anayewindwa, na utaona kwamba miguu ni ileile na pumzi ni ileile, ila kifua kimeingia ndani na macho hayatazami tena mbele bali yanatazama pembeni. Hakuna neno linalosemwa kuhusu badiliko hilo, wala hakuna wimbo wa kulieleza.

Katika filamu hiyo mwandishi wa habari anakwenda kumhoji mwasi huyo mafichoni. Paan Singh anamweleza kwamba alipoiletea nchi medali hakuna aliyemuulizia, lakini alipobeba bunduki jina lake likajulikana kila mahali. Mwigizaji mwingine angelipaza neno hilo mpaka mishipa ya shingo imtoke. Irrfan analisema kama mtu anayedai ujira uliocheleweshwa, akiwa amechoka kudai lakini hajaacha kuona kwamba ni haki yake, na katikati ya uchungu ule anatia mzaha kidogo unaomfanya mwandishi asijue kama acheke au akimbie. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kiume, na kwa maoni yangu alistahili hata kabla ya nusu ya filamu.

Hata hivyo, kama mtu ana jioni moja tu ya kumpa Irrfan, aipe The Lunchbox ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Ritesh Batra. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo nilipo nyumbani.

Mama yangu alikuwa mama lishe kwa miaka mingi pale Kabwe, na kazi yangu baada ya masomo ilikuwa kupeleka hotipoti kwa wenye maduka na kuzirudisha. Hotipoti inayorudi huwa na habari zake. Mama alifungua kila moja kabla ya kuiosha. Iliyofutwa kwa tonge mpaka chini, hakusema kitu, ila kesho yake mwenye nayo aliongezewa mboga. Iliyorudi na wali umechimbwa upande mmoja tu, alisema huyu mtu ana homa au ana deni. Siku moja nilibadilisha hotipoti mbili kwa haraka, ya fundi cherehani ikaenda kwa muuza vifaa vya umeme, na mama aliligundua kosa langu kwa kutazama mifupa ya samaki, kwamba fundi hali samaki namna ile. Kwa hiyo niliposikia kuna filamu nzima kuhusu chakula cha mchana kilichofika kwa mtu asiye wake, nilijua lazima niitazame.

Mjini Mumbai, tangu mwishoni mwa karne ya 19, kuna wabebaji wanaochukua vyakula majumbani na kuvifikisha maofisini katika vyombo vya bati vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa, na sifa yao kubwa ni kwamba hawakosei. Katika filamu hii wanakosea. Mke kijana aitwaye Ila, anayeigizwa na Nimrat Kaur, anampikia mume wake kwa matumaini ya kuurudisha moyo wake, lakini chakula kinafika kwenye meza ya Saajan Fernandes, mjane aliyefanya kazi ya hesabu za madai kwa miaka 35 na anayekaribia kustaafu. Saajan hakijui chakula hicho kimetoka wapi. Amezoea cha mgahawa.

Sasa tazama mikono. Irrfan anafungua vyombo vile kimoja baada ya kingine, anasita, anakisogeza kimoja puani, anavuta harufu, kisha anakitazama tena kana kwamba kimemwita kwa jina. Anakula. Hakuna tabasamu, hakuna kufumba macho kwa raha kama wanavyofanya kwenye matangazo ya mafuta ya kupikia. Kasi ya kutafuna tu ndiyo inayobadilika, na mabega yanashuka kidogo, kama mtu aliyekuwa ameshika mzigo kwa muda mrefu hata akasahau kwamba ameushika. Baadaye, akiwa njiani kurudi nyumbani, anapita kwenye ule mgahawa na kumwambia mwenyewe kwamba chakula cha leo kilikuwa kizuri. Anasema kwa ukavu, kwa sababu ni mtu asiyejua tena namna ya kusifu. Kule nyumbani Ila anapokea vyombo vimelambwa, anafurahi mpaka pale mume anaporudi na kutaja mboga ambayo yeye hakuipika.

Kesho yake Ila anatia kikaratasi ndani ya chombo, na jibu la kwanza la Saajan linasema chakula cha leo kilikuwa na chumvi nyingi sana. Hakuna asante wala habari za siku. Siku inayofuata Ila anamtilia pilipili ya kumkomesha, naye anamwandikia kwamba ilimbidi ale ndizi mbili kuuzima moto mdomoni, jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa karibu na ndizi za Tukuyu ataliona ni la busara kabisa. Hivyo ndivyo barua zinavyoanza. Yule kijana aliyekuwa akiwaandikia wenzake barua mtaani mwaka 1988, miaka 25 baadaye yuko hapa akiandika za kwake, kwa mwandiko wa karani, na sauti yake inayozisoma iko chini kiasi kwamba nililazimika kuongeza sauti ya kompyuta.

Kuna mambo mawili katika filamu hiyo ambayo nimeyarudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. La kwanza ni usiku, Saajan akiwa barazani anavuta sigara huku akitazama dirisha la jirani, ambako familia inakula chakula cha jioni pamoja. Mtoto wa kike anamwona na kufunga dirisha. Irrfan hafanyi chochote. Anaendelea kuvuta. Lakini ipo sekunde moja, baada ya dirisha kufungwa, ambapo uso wake unabaki umeelekea palepale, ukiitazama mbao, na hapo ndipo tunapojua kwamba hiyo si mara ya kwanza. La pili ni siku waliyoahidiana kukutana mgahawani. Anakwenda, anamwona Ila anamsubiri, na hamkaribii. Siku inayofuata Ila anampelekea chombo kitupu, naye anakifungua mbele ya wenzake na kukuta bati. Katika barua anayomwandikia baada ya hapo anaeleza kwamba asubuhi ile, bafuni, alisikia harufu ya babu yake, kisha akatambua kwamba harufu ile ni yake mwenyewe. Irrfan alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu alipoigiza hayo. Uzee wote ule aliuweka katika namna ya kushika mfuko na kuinuka kitini, hakuinama na kutetemeka kama tunavyoona katika michezo yetu mtu akiigiza mzee.

Nisiwe mchoyo wa sifa kwa Nawazuddin Siddiqui, anayeigiza Shaikh, kijana anayeletwa ofisini kujifunza kazi ya Saajan. Yeye ni mcheshi, msemaji, mwenye kukatia mboga juu ya mafaili akiwa ndani ya treni, na pasipo yeye ukimya wa Irrfan usingekuwa na ukuta wa kugonga. Mwisho wa filamu sitausema.

Kabla ya hapo alikwisha kuonesha uwezo huo katika The Namesake ya mwaka 2006, ya Mira Nair tena, akiwa Ashoke Ganguli, Mbengali anayehamia Marekani na kufundisha chuo kikuu. Mke wake, anayeigizwa na Tabu, anampenda kwanza kupitia viatu: anavikuta mlangoni kabla hajamwona mwenyewe, na kutia miguu yake ndani. Ashoke ni baba wa aina tunayoijua huku kwetu, anayependa kwa kulipa ada na kuuliza kama umekula, na siku anapomweleza mwanawe asili ya jina lake, ndani ya gari, baada ya miaka mingi ya kulificha, mtazame anavyoishika ile siri kama chombo chenye maji yaliyojaa hadi ukingoni. Nilimpigia simu baba yangu usiku ule. Hatukuongea jambo la maana, aliuliza kama mvua imenyesha Mbeya na mimi nikauliza habari za kahawa.

Maqbool ya mwaka 2003 ni kwa wale waliosoma Shakespeare shuleni, kwa sababu mwongozaji Vishal Bhardwaj aliichukua hadithi ya Macbeth na kuiweka miongoni mwa wahalifu wa Mumbai. Ni filamu nzito na ndefu, na siishauri kwa mtu anayeanza. Lakini dakika zake za mwisho, Maqbool anapofika hospitali kumchukua mtoto mchanga na kumwona, kupitia kioo, akiwa amepakatwa kwa upendo na watu waliostahili kumchukia, ni dakika ambazo ningezionesha katika kila darasa la uigizaji nchini. Analegea. Silaha inamtoka mkononi na chuki inamtoka pamoja nayo, bila neno.

Kwa mtu anayetaka kucheka, nampendekezea Hindi Medium ya mwaka 2017, na nadhani hakuna nchi nje ya India itakayoielewa kama Tanzania. Irrfan ni Raj Batra, mwenye duka la nguo mjini Delhi, mwenye fedha lakini asiye na Kiingereza, ambaye mke wake anataka mtoto wao apate nafasi katika shule ya kifahari. Wanahama mtaa, wanafundishwa namna ya kujibu maswali ya usaili, na mwisho wanajifanya maskini ili wapate nafasi iliyotengwa kwa maskini. Mzazi yeyote wa Mbeya aliyewahi kusimama kwenye foleni ya fomu za shule ya mchepuo wa Kiingereza, huku akiogopa kusikia mtoto wake akiitwa wa Kayumba, atajiona mle ndani. Raj anapozungumza na matajiri, Irrfan anaacha mkono wake uanze ishara ya muuza nguo, ule mkono uliozoea kukunjua kitambaa mbele ya mteja, kisha anaukamata katikati ya njia na kuurudisha chini. Nimeona jambo hilo mara tatu katika filamu, na kila mara linanichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Ninakiri kwamba nusu ya pili inahubiri kupita kiasi, na hotuba ya mwisho ni ndefu, ingawa hata hapo yeye anajitahidi kuisema kama mtu anayeona haya.

Piku ya mwaka 2015 niliipenda kwa sababu nyingine. Irrfan ni mwenye kampuni ya teksi anayelazimika kuendesha mwenyewe kutoka Delhi hadi Kolkata, akiwa na binti, Deepika Padukone, na baba yake mzee, Amitabh Bachchan, ambaye habari yake kuu safari nzima ni tumbo lisilofunguka. Bachchan anaongea kwa wote watatu. Irrfan anajibu kwa kioo cha dereva, na aliyewahi kushuka mlima wa Kitonga kwenye basi akiwa ameketi na mzee mwenye malalamiko ataelewa jinsi kioo kile kinavyoweza kusema.

Katika filamu kubwa za Marekani hakutendewa haki sawasawa. Katika Jurassic World ya mwaka 2015 anafanya anachoweza na tajiri mwenye helikopta, lakini filamu ile ina haraka, na yeye si mwigizaji wa kuharakishwa. Life of Pi ya mwaka 2012 ilimpa nafasi nzuri zaidi, hasa anaposimulia uchungu wa kuachana bila kuagana, akijaribu kuendelea kuongea wakati sauti inamkatika.

Mwezi Machi 2018 aliutangazia umma kwamba anaugua uvimbe wa nadra, akaenda London kutibiwa. Alirudi kuigiza filamu moja zaidi, Angrezi Medium, iliyotoka Machi 2020, na katika ujumbe wa sauti alioutuma kabla haijatoka aliwaambia watazamaji kwamba yuko nao na pia hayuko nao. Alifariki Mumbai tarehe 29 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 53, siku nne tu baada ya mama yake mzazi. Nilikuwa kwenye daladala ya kuelekea Uyole niliposoma habari hiyo kwenye simu, nikapitiliza kituo changu.

Jambo la mwisho linahusu namna ya kutazama. Kipupwe cha mwaka jana, mwezi wa Julai, baridi ikiwa imetuingiza wote ndani mapema, nilimwonesha mama The Lunchbox kwenye kompyuta, jiko la mkaa likiwa karibu na miguu yake. Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilijitwika kazi ya kumtafsiria. Nilimweleza Ila ni nani, wabebaji ni akina nani, kosa limetokea wapi. Saajan akafika mezani, akaanza kuvifungua vyombo, nami nikaanza kumweleza mama kwamba huyu bwana ni mjane, na kwamba sasa anashangaa kwa sababu chakula hiki si kile alicho...

Mama akanishika mkono. "Hebu nyamaza kidogo, mwanangu," alisema, macho yake hayajatoka kwenye kioo. "Namwona mwenyewe. Huyu hajapikiwa siku nyingi."